Mwovu Aliyekuja na Zawadi

Wenzangu mnaoandika riwaya, mbona waovu wenu wana pembe tangu ukurasa wa kwanza? Hebu mtazameni Sauron wa J.R.R. Tolkien. Katika The Hobbit (1937) ni mchawi asiye na jina, anatajwa juujuu tu. Mwaka 1954, The Lord of the Rings ilipoanza kutoka, ndipo wasomaji wakaambiwa ni yeye. Halafu The Silmarillion (1977) ikaeleza ya zamani zaidi: jamaa aliwaendea mafundi wa Eregion na sura nzuri, akijiita Annatar, Bwana wa Zawadi. Na ufundi aliowafunza ulikuwa wa kweli! Hapo ndipo ninapomwogopa. Alipojivika pete yake kuu, wakamtambua, wakazivua zao.