Miembe Iliyotembea hadi Tabora

Ukitoka mjini Tabora kwenda Kwihara, miembe mikongwe hukupokea kabla hujaliona tembe alimokaa mmisionari David Livingstone mwaka 1872. Uliza ilitoka wapi, utajibiwa kwamba watumwa na wapagazi walikula maembe njiani, wakatema makokwa, miti ikaota. Simulizi hiyohiyo utaikuta hadi Ujiji, ambako miembe mikubwa imesimama safu mbili kando ya njia ya zamani ya misafara.

Naipenda simulizi hiyo, lakini kokwa lenyewe linaipinga. Kokwa la embe si punje ya mtama, useme utaiweka ghalani uipande mwakani. Likikaa wiki chache bila unyevu, mche uliomo ndani hufa. Na safari haikuwa ya wiki chache. Wapelelezi Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, siku ya 134. Wapagazi wa Kinyamwezi walikwenda kwa kasi zaidi ya hiyo, lakini nao walihesabu miezi. Kokwa lililofungwa kwenye mzigo pwani, Bagamoyo, lingefika Kaze limekufa.

Ndiyo maana naamini mwembe ulikuja bara kambi kwa kambi. Uliopandwa kwenye kituo kimoja ulingojewa miaka mitano, pengine minane, uzae, ndipo makokwa yake mabichi yakasogezwa kituo cha mbele. Au yupo aliyebeba miche kwenye udongo wake, akainywesha maji kila jioni msafara ulipotua. Kwa vyovyote palikuwa na mkono wa mtu, na mtu huyo alijua anachokifanya. Waarabu na Waswahili waliofanya Kaze kuwa makazi walijenga matembe, wakalima mpunga na ngano. Kupanda miembe kuliwafaa. Lakini Mnyamwezi aliyekwenda pwani na kurudi mwaka baada ya mwaka, mwenye kwake huku na marafiki kule, naye anastahili kutajwa, na hatajwi.

Pwani tunda hili ni la kale. Ibn Battuta alilikuta Mogadishu mwaka 1331, akaeleza jinsi bichi lilivyotiwa kwenye siki na kuliwa na wali. Aliliita anba, neno ambalo ni ndugu wa embe letu.

Sasa tulipasue kokwa. Kuna miembe, hasa yenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, ambayo kokwa lake moja hutoa miche kadhaa, na mingi kati ya hiyo hufanana na mama. Mingine, hasa ya asili ya India, hutoa mche mmoja tu, mara nyingi mtoto wa chavua iliyoletwa na inzi au nyuki kutoka mti mwingine. Mtoto huyo ni chotara. Anaweza kumzidi mama kwa utamu, anaweza akawa nyuzi tupu; hujui mpaka azae.

Mfano upo Marekani: kapteni mmoja mstaafu, John Haden, alipanda miche ya embe la Kihindi, Mulgoba, huko Florida mwaka 1902. Mmoja ulipozaa mwaka 1910, tunda lilikuwa jekundu, zuri, tofauti na la mama yake. Likaitwa Haden. Kutokana na uzao wa Haden likapatikana Tommy Atkins, embe linalojaza rafu za maduka ya Ulaya kwa sababu ngozi yake inavumilia meli, ingawa kwa utamu embe letu la dodo linaliacha mbali.

Njia ya misafara ilifanya kazi hiyohiyo bila daftari wala picha. Kila mwembe uliotokana na kokwa la mche mmoja ulikuwa jaribio jipya, chini ya jua la Tabora, kwenye nchi ya mvua ya msimu mmoja na kiangazi cha miezi mingi. Ulioshindwa ulikufa. Ulio mbele yetu leo umevuka ukame usiohesabika. Sokoni tunasema dodo, bolibo, sindano, tukadhani tumemaliza; lakini kaa chini ya miembe miwili jirani, onja, utaona embe moja linanukia ngozini na lingine halinukii, moja limeiva wiki mbili kabla ya mwenzake. Tofauti hizo zina thamani, hasa tangu inzi wa matunda kutoka Asia alipogunduliwa Kenya mwaka 2003 na kuenea nchini mwetu, kwani huenda harufu ya ngozi na wakati wa kuiva vikaamua embe lipi atalishambulia.

Kuilinganisha miembe hii ipasavyo, haitoshi kuonja. Umri wa mti na udongo hudanganya. Inabidi vikonyo, yaani ncha za matawi, vya miti yote vibebeshwe kwenye mashina ya aina moja, shamba moja, na matunda yapimwe misimu kadhaa. Mche uliobebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, kwa hiyo kazi hiyo haihitaji kizazi kizima.

Ujiji wanaijua njia hiyo ya kubebesha. Mwembe ambao wenyeji husema mwandishi wa habari Henry Stanley alimkuta Livingstone chini yake mwaka 1871 ulishakufa zamani. Miembe iliyopo pale leo, kwa maelezo ya watunza makumbusho, ilibebeshwa kutoka mti uleule kabla haujaanguka. Ile ya Kwihara bado imesimama, na kila mwaka kabla ya maua kuchanua inatoa vikonyo.