Mkanyagano

Neno mkanyagano, lililotawala vichwa vya habari baada ya watu 20 kufariki katika ibada iliyofanyika Uwanja wa Majengo mjini Moshi jioni ya Jumamosi, 1 Februari 2020, limejengwa juu ya kitenzi kanyaga kilichotiwa kiambishi -an- cha kauli ya kutendana, yaani kauli inayomfanya kila mhusika awe mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Waumini walikuwa wakigombea kupita mahali palipomwagwa mafuta ya upako, ambayo waliamini yangewaponya. Hivyo kitendo walichokiendea, kukanyaga mafuta, na kilichowaua, kukanyagana, vinatokana na mzizi mmoja, jambo lililowarahisishia wengi mitaani kuwalaumu marehemu kwa pupa badala ya kuwalilia.

Hapo ndipo kauli ya kutendana inapohitaji uangalifu, kwa kuwa inagawa lawama sawa kwa sawa miongoni mwa waliokuwa chini na kuwaacha nje ya sentensi walioandaa mkutano, waliopanga njia ya kutokea na waliopaswa kulinda usalama. Neno hilohilo lilirudi magazetini Machi 2021, watu 45 walipopoteza maisha katika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, wakati wa kumuaga Rais John Magufuli. Mkanyagano ni istilahi sahihi ya tukio, lakini si maelezo ya chanzo chake, na mwandishi anayeitumia hana budi kuongeza sentensi ya pili inayotaja mlango, msongamano na wenye dhamana.