Mashine mbili, ekstensheni moja: safari ndani ya ruta kubwa

Leo nianze kwa kuungama. Zamani nikitunza seva za ofisi moja hapa Nairobi, nilimhakikishia mkubwa wangu kwamba hatutazimika, maana seva zilikuwa mbili. Asubuhi moja mtu wa usafi akagusa ekstensheni ya umeme na zote mbili zikazima. "Kijana, si ulisema ziko mbili?" Sikuwa na la kujibu. Jibu nililipata baadaye, niliposoma historia ya ruta zinazobeba intaneti.

Ruta kubwa ina kadi nyingi. Kifurushi cha data kikiingia kwa kadi hii lazima kivukie ndani hadi kadi ile. Mahali pa kuvukia wahandisi hupaita fabriki, yaani kitambaa, kwani njia zake hupitana kama nyuzi za kikoi. Fabriki ikifa, ruta nzima ni chuma tu.

Wazo lenyewe lilitoka kwenye simu. Mwaka 1953 Charles Clos, wa Bell Labs kule Marekani, alikuwa akitafuta namna ya kupunguza gharama. Kuunganisha laini 100 na laini 100 moja kwa moja kulihitaji makutano 10,000. Clos akapanga swichi ndogo kwa safu tatu, makutano yakashuka hadi 5,700, na bado laini iliyo wazi haikukosa njia. Katika mpango huo safu ya kati ina swichi 19. Alitafuta nafuu, lakini angalia alichotuachia: ikifa moja, simu ina 18 nyingine za kupitia. Miaka ya 1960 Václav Beneš, naye wa Bell Labs, akaiendeleza hesabu hiyo.

Ruka hadi mwaka 2004. Intaneti imekua, kadi hazitoshi tena kwenye kabati moja. Cisco wakatoa CRS-1, yenye fabriki ya safu tatu za Beneš. Ukitaka kuunganisha makabati mengi, safu ya kwanza na ya tatu zilibaki kwenye kabati za kadi, na ile ya kati ikahamia kabati zake yenyewe, zikiunganishwa kwa faiba. Mpango uliruhusu kabati 72 za kadi na 8 za fabriki. Mwaka huo huo Juniper wakatoa TX Matrix, ya kuunganisha ruta zao za T640 hadi nne.

Sasa tazama spea zao. T640 ilikuwa na kadi tano za fabriki: nne zikifanya kazi, ya tano ikingoja. CRS-1 iligawa fabriki yake mara nane, na sehemu zote nane zilifanya kazi kila siku. Kifurushi kilikatwa vipande vya baiti 136, vikasambazwa kote, kisha vikaunganishwa upande wa pili. Sehemu moja ikianguka, saba zinaendelea.

Mimi napenda njia ya pili. Spea inayolala unaijua hali yake siku ya msiba. Inayofanya kazi ikiugua utaiona leo leo.

Lakini njia zote mbili zinasimama juu ya sharti moja: sehemu hizo zisitegemeane. Seva zangu zilikuwa mbili kwa hesabu, ila kwa umeme zilikuwa moja. Na sisi waandishi wa programu tusicheke mafundi wa nyaya. Ukiweka programu ile ile yenye kosa lile lile kwenye sehemu zote nane, umezifunga kwenye ekstensheni moja.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kabla hujajisifu kuwa unazo mbili, inama nyuma ya meza ufuate waya hadi ukutani. Tuonane wiki ijayo.