Watoto wa Rakai kwenye Kioo cha Kompyuta

Siku ya kwanza nilipofungua Vim, programu ya kuandikia ambayo wahandisi wengi wa kompyuta wanaijua, nilikuta maandishi machache katikati ya kioo. Jina la programu, jina la aliyeitengeneza, Bram Moolenaar, halafu ombi: wasaidie watoto maskini wa Uganda.

Nilikereka. Mimi ni mtu wa Bukoba, na kutoka kwetu hadi mpaka wa Mutukula si safari ndefu. Nikajisemea, hivi hata humu ndani sisi ni watu wa kuonewa huruma tu? Nikataka kuifunga. Ikagoma! Vim ina sifa hiyo, mgeni akiingia hajui mlango wa kutokea.

Ilinichukua miaka kurudi kwenye ombi lile. Jioni moja niliandika amri ya «:help uganda», nikasoma. Watoto wenyewe walikuwa wa Kibaale, wilaya ya Rakai, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania. Majirani zetu, basi.

Habari inaanza mbali. Mwaka 1976 Bill Joy, mwanafunzi wa Berkeley, Marekani, alianza kutengeneza programu iliyokuja kuitwa vi. Mawasiliano ya kompyuta enzi hizo yalikuwa ya polepole mno, kwa hiyo herufi moja ilifanywa kuwa amri: x inafuta herufi, dd inafuta mstari mzima, u inakurudishia ulichofuta kwa bahati mbaya.

Moolenaar, Mholanzi aliyesomea uhandisi wa umeme Delft, aliajiriwa Océ, kampuni ya mashine za fotokopi. Nyumbani alikuwa na kompyuta ya Amiga, na aliitaka vi ndani yake. Akachukua programu ndogo iliyokuwepo, Stevie, akaanza kuirekebisha mwaka 1988 kwa matumizi yake mwenyewe. Mwaka 1991 akaigawa bure kwa watu. Kazi ya ofisini ilimlipa mshahara, lakini ile ya baada ya saa za kazi ndiyo iliyobeba jina lake.

Katikati ya miaka ya 1990 akaenda Kibaale kujitolea kwa mwaka mmoja, kushughulikia maji na usafi. Hapo ndipo nilipotulia. Jamaa hakuwaona watoto hawa kwenye televisheni. Aliishi pale.

Na alichokikuta, sisi wa Kagera tunakijua. UKIMWI ulibisha hodi Rakai na kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nyumbani kwetu watoto wa baba mdogo walikuja baada ya msiba mmoja, kisha mwingine, na bibi akauza kahawa kuwalipia ada. Hakuna aliyewaita maskini. Walikuwa wetu.

Aliporudi Uholanzi, Moolenaar alianzisha mfuko wa ICCF kusaidia kituo cha watoto cha Kibaale. Vim ikabaki bure, ila aliyeipenda aliombwa achangie huko. Kutoka 2006 hadi 2021 alifanya kazi Google, Zürich, lakini Vim hakuiacha. Aliiendeleza mpaka karibu na kifo chake, tarehe 3 Agosti 2023, akiwa na miaka 62. Toleo la 9.1, lililotoka Januari 2024, waliobaki walilitoa kwa kumbukumbu yake.

Kwa kweli neno lile «maskini» bado linanichoma kidogo. Ningekuwa mimi, ningeandika ada, au kisima, au jina la kijiji. Lakini nimeacha kumkasirikia. Wangapi kati yetu tuliotoka kwetu kwenda kusoma, tukapata kazi nzuri za kompyuta mjini, tumeweka jina la kijiji chetu kwenye lolote tulilotengeneza? Mimi sijaweka. Na yatima wa kwetu nilikula nao sahani moja.

Wiki iliyopita kijana ninayemfundisha kazi alifungua Vim kwa mara ya kwanza. Akaniuliza, «Kaka, kwa nini Uganda?»

Nikamwambia aandike amri ile, asome mwenyewe. Nikangoja amalize. Kisha nikamwonyesha namna ya kutoka.