Pareto ya Shosho

Shosho hakuwahi kununua dawa ya vidukari. Alisaga maua makavu ya pareto, akayaloweka kwa maji yenye sabuni kidogo, akanyunyizia sukuma jioni, maana jua humaliza nguvu yake haraka. Mimi nilidhani ni mmea wetu wa jadi. Kumbe asili yake ni Dalmatia, pwani ya Kroatia, na walowezi ndio walioileta Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Baadaye tukaongoza dunia nzima kwa pareto! Halafu malipo yakaanza kuchelewa, miezi ikawa miaka, na wakulima wengi wa Molo wakaing'oa, wakapanda viazi. Shosho alibakisha mistari miwili nyuma ya jikoni. Sisi wa mjini tunapuliza mbu kwa kemikali za kiwandani zilizoundwa kwa kuiga ua hilohilo.