Alama ya fosfeti katika saratani ya taya

Saratani ya Burkitt, ivimbishayo taya za watoto, ilielezwa nchini Uganda mwaka 1958 na daktari Denis Burkitt. Mjini Kisumu, ambako malaria ni nyingi, watafiti wa KEMRI wamechunguza uhusiano wake na malaria pamoja na virusi vya Epstein-Barr.

Ndani ya seli, mchochezi ni protini iitwayo MYC, ihimizayo seli kugawanyika. Kwa kawaida vimeng'enya huibandika fosfeti, alama ya kwamba ivunjwe. Katika saratani hii MYC huzidi kiasi, na wakati mwingine mahali pa kubandikia, nafasi ya 58, pameharibika, protini ikadumu.

Fosfeti hutambuliwa kwa kingamwili maalumu, au kwa mashine ipimayo uzito wa molekuli: kila moja huongeza takriban daltoni 80. Uvimbe wenyewe haungoji mashine; hukua upesi mno, ingawa dawa zikianzwa mapema watoto wengi hupona.