Wimbo wa Watoto Kumi

Mwaka niliokwenda Ujerumani na wajumbe wa dayosisi yetu kutembelea usharika rafiki, nilipewa malazi kwa bibi mmoja mjane aliyefundisha shule ya Jumapili karibu maisha yake yote. Jioni moja wajukuu wake walikuja, naye akashusha darini sanduku la vitabu vyake vya utotoni. Akafungua kimoja na kuanza kuwaimbia wimbo wa kuhesabu. Alipofika mstari wa pili alinitazama, akanyamaza. Kwenye ukurasa kulikuwa na watoto weusi kumi, midomo minene kupita kiasi na macho yaliyotumbuka.

Wimbo huo nilikuwa nimeusoma. Ulianzia Marekani mwaka 1868, na mtunzi wake, Septimus Winner, aliwataja wenyeji wa asili wa nchi ile. Mwaka uliofuata Frank Green aliutunga upya London kwa ajili ya waimbaji wazungu waliojipaka masizi usoni ili kuwaigiza watu weusi. Sasa aliyechekwa akawa mtu mweusi, tena kwa lile jina la dharau alilobandikwa enzi za utumwa. Katika miaka ya 1880 ukafika Ujerumani, miaka ileile Wajerumani walipojitwalia makoloni, nchi yetu ikiwemo. Hadithi yake ni fupi: watoto kumi wanakufa au kupotea mmoja mmoja, mara nyingi kwa ujinga wao wenyewe. Mzungu mdogo alijifunza kutoa moja kwa kumwondoa Mwafrika mmoja.

Katika Katekisimo Ndogo, Martin Luther anapoeleza Amri ya Nane haishii kwenye kukataza uongo mahakamani. Anatutaka tumtetee jirani na kumsemea mema. Mimi nasema wimbo ule ulikuwa ushuhuda wa uongo, hata kama aliyeuimba alikuwa na miaka minne na hakujua alichosema.

Nami siwezi kulisema hili kwa wepesi. Wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893, nyuma yao walikuwepo watu wa sharika za Ujerumani waliotoa senti zao na kutuombea kwa majina ya vijiji vyetu. Haohao waliwaimbia watoto wao wimbo huu. Katika makanisa mengi na madarasa ya Jumapili kulikuwa na kisanduku cha sadaka ya misheni chenye sanamu ya mtoto mweusi. Ukitumbukiza sarafu, sanamu inatikisa kichwa kushukuru. Watoto walikipenda sana. Upendo ulikuwa wa kweli, na dharau ilikuwa ya kweli, zote katika kisanduku kimoja.

Ni nini kilichobadilisha mambo? Si kwamba watu waliamka siku moja wakiwa wema zaidi. Agatha Christie alitoa riwaya mwaka 1939 na kuipa jina la wimbo huo. Marekani, ambako watu weusi walikuwa wengi na sauti yao ilianza kusikika, wachapishaji walibadilisha jina mwaka 1940. Uingereza jina la zamani liliendelea kuchapishwa mpaka miaka ya 1980, na Ujerumani mpaka mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 1986 wanawake weusi wa Ujerumani, akiwemo mshairi May Ayim, walitoa kitabu cha kusimulia maisha yao, na Wajerumani wengi wakasoma kwa mara ya kwanza jinsi maneno hayo yanavyomfikia mtoto anayetajwa. Kisha mwaka 2013 mchapishaji wa Otfried Preußler, mwandishi mpendwa wa watoto, alitangaza kuliondoa neno hilo katika kitabu chake cha mchawi mdogo. Aliyemwandikia kuomba hivyo alikuwa baba mzaliwa wa Eritrea, aliyekuwa akimsomea binti yake kitabu hicho. Magazeti yalibishana kwa wiki nyingi. Wapo waliosema utoto wao unaibiwa. Nawaelewa, lakini binti yule naye alikuwa na utoto.

Ndivyo ilivyokwenda pia kwa wimbo wa Kiingereza wa kuchagua nani aanze mchezo. Henry Bolton aliukusanya pamoja na mingine mwaka 1888, na ndani yake mlikuwa na neno lilelile. Leo watoto humkamata chui milia mahali pale, na mchezo haujapungua utamu.

Kwa hiyo yule bibi aliponyamaza, nilijua kwa nini. Aliuimba miaka yote, lakini hakuwahi kuuimba mbele ya mtajwa. Wajukuu walipolala aliniuliza kwa sauti ya chini, “Mchungaji, nikichome?”

Nilikawia kujibu. Katika maktaba ya chuo chetu tuna vitabu na majarida ya kimisheni ya Kijerumani yenye neno hilo karibu kila ukurasa, na ndimo yalimo majina ya wabatizwa wetu wa kwanza. Tukivichoma, tunawachoma na wao. Nikamwambia asiwaimbie watoto tena, ila kitabu asikichome.

Alinikabidhi siku ya kuondoka, kimefungwa kwa karatasi ya zawadi za Krismasi. Sasa kipo kwenye rafu ya historia ya misheni, na kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa pili hukisoma pamoja nami, wakiwemo wale ambao babu wa babu zao walibatizwa kwa sadaka ya kile kisanduku.